Kidole cha Shahada Hakikuinuka Peke Yake

— Dada Saumu, angalia kidogo. Video ya harusi ya leo, ya binti ya mwenye maboti, kule Kazimia. Itakutoa mawazo.

Nadia, muuza samaki, alimsogezea simu. Saumu hakuwa na hamu na harusi ya mtu. Alikuwa amekaa eda hapo mjini Baraka, nyumbani kwa mama mkwe wake, tangu shemeji yake Iddy arudi kutoka machimbo ya Misisi na habari kwamba shimo la dhahabu limemfukia mumewe Useni, na maiti haikupatikana.

Akaangalia kwa adabu tu. Uso wa bwana harusi ulizibwa na mgongo wa shehe. Kilichoonekana ni mkono wake wa kuume juu ya goti. Shehe akamtamkisha shahada. Kidole cha shahada kikainuka, na kidole gumba kikainuka nacho.

— Rudisha.

— Nini, dada?

— Rudisha, Nadia.

Mkono ule aliuona miaka yote, akiswali nyuma ya mumewe. Daktari aliwahi kuwaeleza: Useni alizaliwa na msuli mwembamba ambao watu wengi hawana, umelala nyuma ya mkono, kati ya kiwiko na kiganja. Kano yake imegawanyika, tawi moja linanyoosha gumba, jingine kidole cha shahada. Si ugonjwa, ila kuinua kimoja bila cha pili hawezi. Saumu alizoea kumcheka kwa hilo, na alimpenda kwa hilo.

— Pigia ule aliyekutumia hii video. Apeleke simu kwa bwana harusi.

Nadia akapiga, akaweka spika. Walingoja.

— Allo?

Sauti ni ile ile.

— Useni. Ni mi, Saumu. Niko mu eda yako.

Saumu akaisogelea simu.

— Nakulilia kila siku, Useni.

— Saumu... baba ya huyu binti alikataa muntu iko na bibi. Iddy alisema hivi ni rahisi, utasahau.

— Ungesema unaniletea mwenzangu. Ningenuna, ningelia, tungekaa. Ulijiua sababu gani?

Nyuma ya Useni, kwenye simu, bibi harusi akauliza:

— Ni nani, chéri?

— Bamekosea namba, Useni akajibu, akakata.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, kitenge mdomoni. Amesikia yote. Saumu akamgeukia, akingoja alaaniwe yule mwana, akingoja kukumbatiwa. Mama akapiga magoti.

— Alhamdulillah. Mutoto yangu iko muzima.

Akalia kwa furaha, akamtuma Nadia aite majirani. Saumu hakumlaumu, mama ni mama. Wakaja bamama wale wale waliokuwa wakimletea pole, safari hii wakicheka.

— Bwana yako iko muzima, mwanangu. Furahi basi.

Saumu akajifunika shela lake la eda na kukaa chini. Mume wake alikuwa amekufa leo, na nyumba nzima hapakuwa na mtu wa kumpa pole.