Barua Moja Kila Jumamosi

Stendi ya Kasulu siku ya Jumamosi asubuhi haina adabu. Wapiga debe wanakuita mke wangu kabla hawajakusalimu, mwenye ndoo ya samaki wa migebuka anakupitishia harufu puani, na mvua ya Februari ikishanyesha, tope jekundu halichagui nguo. Elieth Mbwambo alikuwa amevaa gauni jipya la kitenge cha njano, mikono ya puto, kiuno kimebanwa na fundi aliyejua kazi yake. Ndiyo kwanza anainua mguu apande basi la Kibondo, kona ya boksi refu ikamsukuma mgongoni. Akakaa topeni, pwaa!

"We kaka, huna macho?"

"Samahani dada. Samahani sana. Ni paneli ya sola hii, nimeibeba kama mtoto mchanga, mbele sikuona."

"Paneli ni mtoto mchanga. Na mimi ni nini?"

Kijana alimtazama. Alikuwa mrefu, ovaroli ya bluu imepauka magotini, bisibisi mbili zimechungulia mfukoni. Aliweka boksi chini, akapotea kwenye vibanda, akarudi na kidumu cha maji na kanga mpya ambayo bado ilikuwa na karatasi ya dukani.

"Jifunge hii. Jina lake limeandikwa hapo chini, usiniulize mimi, nimechukua ya kwanza."

Elieth alisoma maandishi ya kanga: *Usinune, dunia ni ya watu wawili.* Akataka kukasirika zaidi, kicheko kikamtoka.

Ndani ya basi walijikuta kiti kimoja. Kijana akauliza anakwenda Kibondo kwa nani.

"Kwa marehemu," Elieth alisema. "Mimi ni Elieth Mbwambo, nafundisha historia chuo cha ualimu hapa Kasulu. Kwenye faili moja la zamani nimekuta barua ya mwanamke wa Kibondo, aliiandika kabla ya uhuru, anamgombeza mkuu wa wilaya Mzungu kwa nini wanawake hawaruhusiwi kupiga kura. Barua moja tu. Mtu anayeandika hivyo haandiki moja. Nataka makaratasi yake yote. Anaitwa Josepha Ntibashima."

Kijana alicheka mpaka abiria wa mbele wakageuka.

"Huyo ni bibi yangu mzaa baba. Mimi naitwa Castory Ntibashima. Makaratasi anayo shangazi yangu, Skolastika. Lakini shangazi hafungulii mtu asiyemjua, tena mgeni wa kutoka Upareni! Niachie mimi. Nitakuletea Kasulu."

"Lini?"

"Jumamosi."

Jumamosi akaja na barua moja, imelazwa kwenye mfuko wa plastiki. Walikaa kwenye mgahawa wa Bi Shamsia karibu na soko, mezani chai ya tangawizi na muhogo wa kuchemsha. Elieth alisoma kwa sauti: "'Bwana D.C. anasema mpiga kura awe amesoma mpaka darasa la nane. Nikamwambia, nionyeshe hapa Buha shule ya wasichana yenye darasa la nane, niende leo hii. Akaomba maji ya kunywa.'"

"Huyo ndiye bibi," Castory alisema. "Hata padri alikuwa anamkwepa."

"Nyingine ziko wapi?"

"Shangazi ametoa hiyo moja. Ana masharti yake. Jumamosi ijayo atatoa nyingine."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila Jumamosi barua moja. Barua nyingi alikuwa ameandikiwa Josepha na mwanamke mwenzake aliyezunguka naye vijijini kwa miguu kuhimiza wanawake, naye alisaini kwa herufi moja tu, *A.* Alikuwa mcheshi huyo A. Aliandika jinsi walivyofukuzwa na mwanaume mwenye mkuki, wakarudi kesho yake kwa mkewe. Elieth alimpenda kama mtu anayemwona.

"A. ni nani, Castory? Inawezekana yu hai. Anaweza kuniambia yote."

"Sijui, mwalimu wangu. Labda barua zinazokuja zitasema."

"Basi mwambie shangazi atoe mbili mbili!"

"Nitamwambia."

Katikati ya wiki Elieth alipiga simu, na simu zenyewe zilikuwa kero.

"Castory, umemwambia?"

"Nani?"

"Shangazi!"

"Niko juu ya bati, mpenzi, upepo mkali, sikusikii."

"Umeniita nani?"

"Nimesema upepo mkali."

"Umesikia vizuri sana wewe!"

Aprili Castory alimshika mkono mezani kwa Bi Shamsia, naye hakuutoa. Mei alimletea mawese ya kwao na maharage, wakapika pamoja nyumbani kwa Elieth, wakaunguza. Elieth alijikuta anachagua gauni tangu Alhamisi. Lakini kazi haikusogea. Chuo kilikuwa kinamuuliza andiko liko wapi, mkuu wa idara akaanza kumwita "mtafiti wa barua moja moja," na kila alipoomba aende mwenyewe Kibondo kumpigia shangazi magoti, Castory alikuwa na sababu: shangazi anaumwa, shangazi yuko shamba, shangazi ana msiba.

"Huyo shangazi yako ana misiba mingi kuliko makaburi," Elieth alisema siku moja kwa hasira. Castory akatazama kikombe chake.

Mwisho wa Juni, barua ya kumi na saba ilikuwa tofauti. Ilikuwa ya miaka ya vijiji vya ujamaa, wino wa bluu. *Dada Josepha, tumehamishiwa Rungwe Mpya, nyumba yangu ni ya tatu kutoka kisimani. Njoo tucheke. Wako Aneth.*

Elieth aliruka kwenye kiti. Rungwe Mpya! Hapo hapo Kasulu! Miezi minne amekaa anamtafuta mwanamke ambaye bodaboda inamfikia kwa mwendo wa saa moja na nusu. Hakumaliza chai. Castory aliposema twende wote, alikuwa ameshapanda pikipiki.

Rungwe Mpya alielekezwa haraka, maana Bibi Aneth alijulikana na kila mtu. Mwanamke wa makamo aliyenyoa kichwa alitoka ndani, akasikiliza, akakaa chini polepole kwenye mkeka.

"Mama tumemzika wiki tatu zilizopita," alisema. Alikuwa bintiye, anaitwa Mama Bazilio.

"Alikuwa mgonjwa siku nyingi?"

"Siku mbili. Kabla ya hapo alikuwa anapalilia karanga zake. Anaongea mpaka unachoka wewe."

Elieth alishindwa hata kusema pole. Aliisema akiwa ameshafika barabarani, peke yake.

Jumatatu aliomba ruhusa, akapanda basi la Kibondo bila kumwambia mtu. Alikuwa amechoka na masharti. Alimkuta Shangazi Skolastika, mzee mnene mchangamfu, anaanika muhogo kwenye mawe.

"Mwakeye, shangazi. Mimi ni Elieth, mwalimu wa Kasulu. Nimekuja kukuomba unipe barua zote zilizobaki. Nakuomba sana. Moja moja zimenigharimu."

"Moja moja?" Shangazi alijifuta unga mikononi. "Mwanangu, mimi nilimpa Castory begi zima mwezi wa pili. Nilifurahi! Nikamwambia mpelekee mwalimu upesi, mimi siku zangu zimebaki chache. Hajakupa?"

Elieth alimwomba amrudie maneno hayo. Alirudia, yakawa yale yale.

Kwa kuelekezwa na shangazi, alimkuta Castory juu ya bati la zahanati moja nje kidogo ya mji, anafunga paneli. Akina mama wenye watoto wa kliniki walikuwa wamejaa kwenye benchi.

"Shuka!"

"Elieth? Mpenzi, umekujaje—"

"Shuka nikwambie, au niseme hapo hapo ulipo wasikie wote!"

Alishuka. Uso wake ulikuwa umeshajua.

"Begi liko wapi?"

"Kwangu."

"Barua ngapi?"

"Sitini na moja."

"Ulizisoma?"

"Hapana. Nilikuwa nachomoa ya juu kila Ijumaa. Nilijua ukizimaliza utakuwa umemaliza na mimi pia. Wewe mkufunzi wa chuo, mimi mpanda mabati. Ungekuja Kibondo kufanya nini tena?"

"Ungesema! Ungesema unanipenda, ningekujibu! Ni sentensi moja hiyo, Castory! Bibi Aneth alikuwa anapalilia karanga. Miezi minne mimi nakunywa chai na wewe, yeye anapalilia karanga. Nilikuwa na maswali daftari zima. Sasa nimwulize nani?"

Mama mmoja kwenye benchi akasema kwa chini, "Mwombe msamaha, kijana." Akaomba. Elieth alikwenda naye kuchukua begi, akarudi Kasulu, akaifungia namba yake.

Alizisoma barua zote kwa wiki mbili, na kila alipofurahi alikumbuka, akaudhika upya. A. alitaja watu bila kusema ni akina nani. Alitaja wimbo waliouimba njiani bila kuuandika. Pembeni mwa daftari Elieth aliandika *kuuliza*, halafu akakata. Alimkasirikia Castory kwa ajili ya Bibi Aneth, halafu akamkasirikia kwa sababu Jumamosi ilifika na mguu wake ukampeleka sokoni wenyewe, mpaka mlangoni kwa Bi Shamsia.

"Fundi wako yuko wapi?" Bi Shamsia aliuliza.

"Sina fundi."

"Haya. Chai?"

"Sitaki."

"Mtoto huyu! Umemkasirikia yeye, chai imekosa nini?"

Alikunywa akiwa amenuna.

Katikati ya Julai simu iliita, namba ngeni. Alikuwa Mama Bazilio wa Rungwe Mpya.

"Mwalimu, kuna kijana alikuja hapa. Castory. Alikaa chini akanieleza alichofanya, mwanzo mpaka mwisho, hakujitetea. Aliomba msamaha. Nikamwambia nimesikia, ila na mimi imeniuma. Mama alikuwa anasema siku moja watu watakuja kuniuliza. Alisema hivyo miaka yote."

Elieth alifumba macho.

"Sasa kijana aliuliza kama mama alitunza barua za bibi yake. Zipo. Kikapu kizima, Josepha alimwandikia mpaka alipokufa. Sisi mwandiko ule unatushinda. Jumamosi tuna arobaini. Njoo utusomee."

Alikwenda. Alivaa gauni la bluu iliyoiva na kitambaa cheupe kichwani. Baada ya misa watu walikaa uani kwenye mikeka, na Castory alikuwa kule kwa wanaume, shati jeupe limenyooshwa, macho chini. Elieth alifungua kikapu, akaanza.

"'Aneth, rafiki yangu mpumbavu. Umesahau ndizi zako kwangu, nimezila. Kesho tunakwenda Kagerankanda. Yule mzee Nduwayezu amesema mwanamke akipiga kura mvua itakata. Mwambie mwaka jana hatukupiga kura na mvua ilikata vilevile.'"

Ua mzima uliangua kicheko. Vikongwe wawili walipiga makofi, na mmoja akadakia: "Eeh! Na wimbo tuliimba!" Akaanza kuuimba kwa Kiha, sauti nyembamba ya kutetemeka, mwenzake akaingia. Elieth alitoa simu akarekodi. Hakuupata wote. Katikati walisahau, wakabishana, wakanyamaza. Mama Bazilio alisema, "Mama aliujua wote," akamwambia Elieth aondoke na kikapu.

Jioni kungali kweupe, Castory alimfuata mpaka kwenye mti wa kuegeshea pikipiki, akasimama hatua tatu mbali naye.

"Nakupenda," alisema. "Nimechelewa kusema. Nataka kukuoa. Na hilo nalisema leo kwa sababu nimelifikiria leo. Na jana. Na tangu tope."

"Mimi nina hasira, Castory."

"Najua."

"Hujui. Si hasira ya kuisha kwa kanga. Inaweza kufika Krismasi. Nikisoma barua ile ya kisima nitakukasirikia tena, hata tukiwa na wajukuu."

Castory aliinua macho. "Umesema wajukuu?"

"Usinichekeshe, nakuonya."

"Sicheki."

Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka pamoja, na Elieth akaona aibu kumtazama, kisha akamtazama. Alikumbuka Jumamosi kumi na saba, na alikumbuka mkeka wa Mama Bazilio. Vyote viwili vilikuwa vya mtu huyu mmoja. Alitoa simu, akapiga Same.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

"Nimeudhika, mama. Kuna mwanaume ameniudhi vibaya sana. Alinificha jambo, na limeniharibia kitu ambacho hakirudi."

"Mungu wangu! Yuko wapi huyo?"

"Yuko hapa mbele yangu."

"Sasa unasimama naye ufanye nini? Ondoka!"

Elieth alimtazama Castory, ambaye alikuwa amesimama wima kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Siondoki, mama. Mwambie baba watakuja wageni kutoka Kigoma, mwezi wa tisa. Na wakifika, baba asiwarahisishie."

Akakata simu kabla mama hajamaliza kuuliza, akampa Castory kikapu abebe.