Mkono Uliobaki Begani

Gundi ilikuwa na siku tatu tangu ikauke, lakini asubuhi ile kidole kimoja cha mtu pichani kilikuwa kimebanduka. Mama Mkasi alikipaka gundi upya, akakibonyeza kwa gumba mpaka kikalala.

Kazi yake ilikuwa kukata na kubandika, na mkasi wake ulikuwa na ulimi mkali kuliko wake mwenyewe. Alikusanya magazeti ya zamani na picha za studio ambazo wenyewe walishakufa, akazikata, akazipanga upya. Bibi harusi alivishwa taji la masufuria. Tangazo la sabuni liligeuka kuwa mashtaka. Watazamaji walicheka, kisha wakanyamaza, na hapo kwenye kunyamaza ndipo alipowataka.

Picha hii mpya ilikuwa ya mwanamke ameketi kitini, mumewe kasimama nyuma, mkono begani. Kwa kawaida Mama Mkasi hakati picha halisi. Hutoa nakala kwanza, akakata nakala. Safari hii maonyesho yalikuwa karibu, na haraka haina baraka. Alimkata yule bwana, akamtia jikoni motoni, na mahali pake akabandika kabati la vyombo. Mkono aliuacha. Angeukata, angeharibu gauni. Tena ulimpendeza vilevile ulivyokuwa.

"Bwana kaondoka, mkono umebaki!" alimwambia mchapaji alipokuja kuipiga picha ile kwa ajili ya mabango, wakacheka hadi machozi.

Jambo hilo alilijua kwa mwili wake. Miaka minne nyuma alitoka kwa mumewe na mtoto mgongoni, akaapa kwamba hakuna mkono utakaomlemea binti yule. Ahadi nyingine alizivunja, hiyo aliishika.

Binti alikuwa mropokaji hata wakamwita Chiriku. Mchana ule alirudi kutoka shule, akakwama mlangoni.

"Mama, kunanuka."

"Gundi hiyo."

"Siyo gundi. Mafuta ya nywele. Ya baba fulani."

Kesho yake Chiriku alikula kimya. Keshokutwa alitembea bega la kushoto limeshuka, kama aliyebeba ndoo. Mama yake alipomvua sare amwogeshe aliona alama za vidole, nne mbele na moja nyuma, zimevilia damu. 

"Nani kakushika, mwanangu?"

"Usipaze sauti," mtoto alinong'ona. "Hapendi."

"Nani?"

"Anayesimama nyuma. Anasema nikae wima. Anasema nisicheke."

Mama Mkasi alikimbilia mezani, na jua lilikuwa bado kali dirishani, na majirani walikuwa wakitwanga na kugombana kama siku zote, lakini kwenye picha vidole vyote vitano vilikuwa vimenyanyuka kutoka kwenye karatasi na kuikunja nguo ya yule mwanamke, ambaye jana alikuwa akitazama kamera na sasa alikuwa akimtazama yeye, na harufu ya mafuta ya nywele ilizidi mpaka ikawa ladha mdomoni, na nyuma ya shingo yake mtu ambaye hakuwepo akashusha pumzi taratibu, kwa subira ya mwenye nyumba.

Mganga aliyemwita alifika alasiri ileile, mama wa makamo mwenye miwani ya kusomea, viatu mkononi. Alinusa mara moja tu.

"Jini hili lilikuwa limemkalia yule bwana wa pichani," alisema kwa sauti ya chini. "Ulipomchoma uliliharibia makao, ukaliachia mkono. Sasa linatafuta bega. Mkono nitauchoma. Lakini niambie, mwanangu, picha hii iko peke yake? Haina nakala popote?"

Mama Mkasi aliyafikiria mabango mia mbili, na jina lake juu kwa herufi kubwa, baada ya miaka kumi na tisa ya kuonyesha kazi kwenye korido za watu.

"Haina."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Haina, mama."

Picha iliungua kwenye karai, ubani ukifuka. Mkono ulijikunja ngumi kabla haujawa jivu, na mlango ukagongwa kwa kishindo kutoka ndani. Kisha Chiriku akacheka. Alicheka, akaomba chai, akaongea mpaka usingizi ukamkata kauli, na mama yake akalia kwa furaha na aibu pamoja.

Jumamosi asubuhi walikwenda kuangalia mabango. La kwanza lilikuwa kwenye ukuta wa kituo cha basi, kubwa kuliko mlango. Chiriku alilisoma jina la mama yake kwa kelele. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaligeukia, wakacheka, kisha wakanyamaza.

Wa kwanza alijipangusa bega la kushoto, kama anayefukuza mdudu. Wa pili naye akajipangusa. Muuza ndizi alitua beseni lake, akajikunyata. Wasichana wawili wa shule waliokuwa wakitaniana walinyooka ghafla, macho mbele, midomo imefumbwa.

"Mama," Chiriku alinong'ona, "mbona sasa wako wengi?"

Mama Mkasi aliruka akalishika bango, akalikwangua kwa kucha, lakini mchapaji alikuwa fundi na gundi ilikuwa nzuri. Mafuta ya nywele yakanuka. Kitu kizito kikatua begani mwake, polepole, kikatulia.

Mtoto akamvuta kanga.

"Acha kulia, mama. Kaa wima."