Mrembo wa Uwanjani

Duka la kuchapisha michoro lilikuwa limefurika, mashine zikinguruma, kila mteja akidai kazi yake itoke kwanza. Msanifu majengo, binti aliyevaa gauni la kijani na viatu vyenye vumbi la kazini, alikunjua karatasi yake mezani akapiga kelele.

"Nani ametia viraka kwenye paa langu?"

"Si viraka, ni paneli za sola," kijana mmoja alijibu nyuma yake. "Na huo mchoro ni wangu, dada. Wako ndio huu."

Kumbe walikuwa wakijenga uwanja mmoja wa mpira bila kujuana: yeye msanifu, huyu mhandisi wa kulifanya paa litoe umeme wa taa zote. Walibadilishana karatasi, kisha namba, na haukupita muda ikawa hakuna anayelala bila kusikia sauti ya mwenzake.

"Umekula, mrembo wangu?" kijana angempigia kila mchana.

"Nimekula. Paneli zako hazijambo?"

"Zina wivu. Zinasema nakutazama wewe kuliko jua."

Tatizo lilikuwa mlingoti wa taa. Msanifu aliuchora mwenyewe, mweupe, mwembamba, ukichomoza pembeni mwa paa, na aliupenda kupita kiasi. Mafundi waliubatiza Mrembo, na wakimtaja ungedhani wanamsema mtu. Lakini jua likiinama alasiri, kivuli cha Mrembo kiliangukia paneli, na paneli moja ikipata kivuli, umeme wa safu nzima unapungua. Mhandisi aliliona hilo mapema. Kila alipotaka kulisema, alimwona mpenzi wake anavyoutazama mlingoti ule kwa fahari, akaahirisha. Mapenzi bwana! Yanamfanya mtu mzima kuwa bubu.

Siku moja binti alipanda ngazi za jukwaa akinyata, akitaka kumshtua. Alimkuta amempa mgongo, anaongea na msimamizi wa mafundi kwenye simu.

"Mrembo mimi nimemchoka, kaka. Ananizibia jua. Jiandaeni tumwondoe. Nitatafuta maneno ya kumwambia mwenyewe."

Binti hakungoja zaidi. Alishuka akinyata kama alivyopanda, na wiki hiyohiyo akaomba uhamisho kwenye tawi la ofisi yao katika mji mwingine, akaenda kuishi kwa dada yake.

Kijana alipiga simu, ikaita bila kupokelewa. Alituma ujumbe, akabembeleza, akaomba aambiwe kosa lake tu. Akiwa juu ya paa, alijikuta anageuka kila viatu vilipogonga ngazi. Kule mbali, binti alichora nyumba za watu huku akiitazama simu ikiwaka jina la kijana, moyo ukimwambia pokea, kiburi kikimkataza. Alimtamani hadi akajichukia.

Jioni moja dada mtu alichoka, akaipokea mwenyewe.

"Wewe! Mdogo wangu umemchoka, unampigia ya nini?"

"Nani kasema, shemeji?"

"Kakusikia kwa masikio yake. Mrembo umemchoka, anakuzibia jua."

Kijana alipumua kwa nguvu. "Shemeji, Mrembo ni mlingoti! Mlingoti wa uwanjani!"

Dada alicheka hadi akakaa chini, akampa mdogo wake simu. Lakini binti hakucheka.

"Kwa hiyo ni mlingoti wangu uliouchoka."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kutia kivuli."

"Ukaniacha niusifie kila siku mbele yako?"

"Niliogopa kukupoteza."

"Na ukanipoteza."

 

"Mlingoti unahamishika," binti aliendelea. "Ungesema tu, ningeupeleka upande wa maegesho. Mimi naishije na mtu wa kunificha mambo? Kuna lingine umenificha?"

"Liko moja."

"Sema."

"Nataka kukuoa. Hilo nimelificha muda mrefu kuliko la mlingoti."

Binti alifunika simu kwa kiganja, akayaacha machozi yatoke, kisha akairudisha sikioni.

"Kesho nakuja. Mlingoti usiuguse, nitauhamisha mwenyewe."

"Na hilo lingine?"

"Hilo utalirudia tukionana. Mtandao ni mbaya, sijakusikia."

Alikuwa amemsikia vizuri sana.