Simu Iliyoamka Kaliti

"Simu imeamka."

Maneno mawili tu kwenye redio. Dagnachew Worku akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Toyota iliruka tuta la Saris, ikatua kwa kishindo, na muuza machungwa mmoja akamtukania mama yake mzazi.

"Iko wapi?"

"Kaliti. Ghala la kahawa, nyuma ya reli ya zamani." Aliyejibu ni Mama Yirgalem, mkuu wake, kutoka Idara ya Upelelezi. "Dagne, usiingie peke yako. Vijana wanakuja."

"Wamefika wapi?"

"Meskel. Foleni."

"Basi watakuta nimeshamaliza."

Akazima redio.

Simu yenyewe ilikuwa ya Zerihun Birru, kanali mstaafu, muungwana wa nje na mbwa wa ndani. Bunduki alizokuwa akiingiza zilikuwa zimeua watu wengi huko mipakani. Siku mzigo wake mmoja uliponaswa chini ya magunia ya ufuta, yeye hakuguswa, ila simu yake ilichukuliwa. Aliyefungwa pingu ni dereva wa lori, kijana anayeitwa Ayenew.

Ayenew Worku. Mdogo wake Dagnachew, tumbo moja.

Kijana aliapa hajui kitu. Kila dereva huapa hivyo. Kesi yenyewe ilikuwa leo alasiri, na ukweli wote ulikuwa ndani ya simu ile.

Siku chache nyuma Dagnachew alikuwa amekwenda Kazanchis kumwangukia Tsedale Mengiste, mchunguzi wa ushahidi wa kidijitali, mwanamke aliyekula naye sahani moja tangu chuoni.

"Nionyeshe kidogo tu," alimwomba.

"Wewe ni kaka wa mshtakiwa. Sikuonyeshi hata kava."

"Tsedale! Ni mimi!"

"Ndiyo maana." Alimwonyesha cheti ukutani, na kiapo chini yake: hutasema uongo, hutabadili kitu, hutagusa kesi ya ndugu yako. "Nilikesha nikisomea kile. Sikukisomea ili nikivunje kwa ajili ya rafiki."

Dagnachew alimwambia hana moyo, akabamiza mlango. Na leo asubuhi Tsedale alikuwa ametekwa barabarani akiipeleka simu mahakamani. Neno lile lilikuwa likimchoma Dagnachew kifuani njia nzima.

Jambo moja lilimpa matumaini. Tsedale aliibeba simu ndani ya mfuko mweusi wa kuzuia mawimbi, na simu ikiwa humo ni maiti, haitoi habari wala haipokei. Mtu aliyesomea kazi hii hawezi kuitoa nje ya mfuko na kuiwasha hivi hivi, hata umwamshe usingizini umwambie. Lakini ilikuwa imewashwa, na minara ya simu ikaiona papo hapo. Kumbe Zerihun alikuwa na mtaalamu wa kuokoteza!

Mlinzi wa getini alikuwa anatafuna mirungi, Kalashnikov magotini.

"Wee! Unakwenda wapi?"

"Kwako," alisema Dagnachew.

Ngumi ya koo. Goti la uso. Meno mawili yalidondoka pamoja na mirungi, na jamaa akalala kimya kwenye vumbi.

Ndani ya ghala alisikia sauti.

"Saini hapo, dada," Zerihun alikuwa akisema, kwa upole wa kuudhi. "Halafu uende nyumbani ukale."

"Umeshavunja viwili," alijibu Tsedale. Sauti ilikuwa inatetemeka. "Vimebaki vinane. Endelea tu, saini yangu hupati."

Kidole kikalia kau! Tsedale akapiga yowe.

"Vimebaki saba," alisema Zerihun.

"Kanali, kwani lazima yeye?" Huyu alikuwa Surafel, kijana wa suti aliyejiita injinia. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, simu ikiwa imechomekwa waya. "Mimi nami nina vyeti. Vinne!"

Tsedale akacheka huku analia. "Vyako uliuziwa na begi la shule, mdogo wangu? Ulipewa na kalamu?"

Dagnachew hakusubiri kidole cha nne.

Glock ilibweka. Jitu lililoshika mkono wa Tsedale lilitobolewa shavu, likaanguka juu ya magunia na kahawa ikamwagika. Surafel akaingia chini ya meza akiita watakatifu wote. Zerihun akachomoa Makarov yake, akafyatua ovyo, risasi zikararua magunia.

Jitu la pili lilitokea nyuma. Dagnachew aliliona akiwa ameshachelewa.

Ndoano ya kubebea magunia ilimwingia begani. Ikachimba, ikavuta. Nyama ilichanika na bastola ikamtoka mkononi. Alipiga kelele, ndiyo, alipiga, na anayesema wapelelezi hawapigi kelele hajawahi kuchanwa. Akajitupa nyuma kwa uzito wake wote, wakabamiza mizani ya chuma. Akaikamata ndoano kwa mkono wa kushoto, akaing'oa begani mwake, na kuizamisha shingoni mwa mwenye nayo. Damu iliruka mpaka kwenye mizani. Jitu lile lilirusha miguu kidogo, likatulia.

Zerihun alikuwa amekimbilia mezani kunyakua simu. Dagnachew aliiokota Glock sakafuni, akalenga goti.

Paa!

Kanali mzima akaanguka chini akilia kama mtoto aliyeungua na uji. Bastola yake ikateleza mbali. Simu ikabaki mkononi, kioo kikiwaka.

Lakini mbwa huyu alikuwa bado na jino moja.

"Soma," alisema, akaisukuma simu sakafuni. "Soma, Dagnachew. Ndugu yako huyo."

Dagnachew aliinama. Jina la Ayenew. Namba ya Ayenew. *Mzigo nimepokea. Bunduki zote zimo, nimezifunika vizuri.*

Akausoma tena tangu mwanzo.

"Futa," alinong'ona Zerihun. "Mguso mmoja. Nani atajua? Mama yenu ni mtu mzima, utamwambia nini?"

Ving'ora vilisikika kwa mbali. Kidole gumba cha Dagnachew kilikuwa juu ya kioo. Alimkumbuka Ayenew akijifunza baiskeli, yeye amemshikia kiti kwa nyuma.

"Tsedale," alisema bila kugeuka. "Ni kweli?"

"Siwezi kukwambia."

"Hata sasa?"

"Hata sasa, Dagne." Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Usiiguse. Basi."

Ving'ora vilifika getini.

Dagnachew aliutazama mfuko mweusi uliotupwa mezani. Akauchukua. Akaishika simu pembeni, kwa shati, akaitumbukiza ndani, akaufunga, na kuuweka mapajani mwa Tsedale.

"Mpumbavu!" Zerihun alifoka. "Umemzika ndugu yako!"

Dagnachew akampiga teke la mdomo.

*

Alasiri Tsedale alisimama mbele ya jaji, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko.

Wakili wa Zerihun alikuwa mtu wa kunukia marashi. "Ujumbe wa dereva umo ndani ya simu. Unakataa?"

"Umo. Uliingizwa leo asubuhi, na kijana aliyejiita mtaalamu. Hicho ndicho nilichovunjiwa vidole: niseme ulikuwamo tangu mwanzo."

"Ushahidi?"

"Mtu aliyesomea kazi hii hafanyii kazi kitu chenyewe. Siku simu ilipokamatwa nilitoa nakala mbele ya mashahidi, nikaipiga lakiri, ikawekwa hapa mahakamani. Nakala ina namba yake. Ukibadili hata nukta moja, namba yote inageuka. Ifungueni."

Wakaifungua. Namba ilikuwa ileile. Ujumbe wa Ayenew haukuwamo. Uliokuwamo ni wa Zerihun mwenyewe: *Dereva hajui kitu. Akikamatwa, mwacheni aozee huko.*

Chumba kizima kiliguna. Mama mmoja nyuma alipiga vigelegele, na askari hakumnyamazisha.

Wakili alijaribu la mwisho. "Na huyu mpelelezi? Kaka wa mshtakiwa! Alibaki na simu mkononi, iko wazi. Nani ajuaye alifuta nini?"

"Simu inajua," alisema Tsedale. "Nimeikagua mbele ya karani wako. Baada ya yule kijana, hakuna kilichofutwa wala kufunguliwa." Akamtazama Dagnachew aliyekaa mstari wa nyuma, bega limevimba chini ya koti. "Angefuta ule ujumbe, leo mngesema Idara ndiyo iliyoichezea simu yote, nakala na kila kitu. Na dereva angerudi ndani."

Dagnachew akainamisha kichwa. Hapo ndipo alipoelewa mtego aliokuwa amewekewa pale ghalani.

Nje, kwenye ngazi, Ayenew, aliyeachiwa huru, alimkumbatia kaka yake mpaka jeraha likafumuka.

"Kaka, uliuamini ule ujumbe?"

"Niliuamini."

Ayenew akamwachia. Akamtazama. "Na hukuufuta?"

"Sikuufuta."

"Kwa hiyo kama ningekuwa ni mimi kweli..."

"Ningekuletea injera ya kula gerezani," alisema Dagnachew. "Kila siku. Mpaka utoke, au mpaka nife."

Kijana akaanza kulia palepale mbele ya watu.

Redio ilikoroma. "Dagne, daktari anakungoja na sindano. Uko wapi?"

Dagnachew alivaa miwani yake ya jua. Tsedale alikuwa anashuka ngazi taratibu, ameukumbatia mkono wake mbovu. Dagnachew akamngoja, akampokea mkoba.

"Daktari asubiri," alijibu. "Kuna mtu hawezi kula kwa mkono wake leo. Nakwenda kumlisha."