Zamu ya Mwenye Mto

Harufu ya udi iliingia mchana kweupe, ndani ya ghala la kijiji cha Ujamaa, Sindeni, na hakuna aliyekuwa amefukiza.

"Nani kajifukiza aje kupukuchua mahindi?" Mwantumu alitania. "Wifi Zuena, endelea. Tuko mtoni."

Zuena ndiye aliyeongoza mchezo. Mahindi ya shamba la pamoja yalikuwa mlima, vidole viliuma. Basi kila mtu alijifanya msafiri. Zuena alieleza njia, akauliza, "Unafanya nini?", kisha punje zikarushwa sakafuni kuamua kama umepona. Njia aliipanga asubuhi akiteka maji. Majibu yao yaliivuruga, naye akaishona upya papo hapo. Bibi zao walikataza hadithi za mchana, walisema zinaita wasioalikwa. "Huu ni mchezo," Zuena alisema, "si hadithi."

"Mto umefurika," aliendelea. "Mwenye mto ni jini. Anataka ujira: msafiri mdogo kuliko wote. Fatu, unafanya nini?"

Fatu, kitinda mimba wake, alicheka. Hakupata nafasi ya kujibu.

"Ujira nimeupokea," ilisema sauti nyuma ya magunia.

"Nani huyo?" mzee Semboja alinong'ona. "Kule nyuma ni ukuta mtupu."

Punje ziliruka zenyewe, zikaanguka zimelowa.

"Mama, baridi," Fatu alisema. "Kuna mtu ananishika miguu."

"Mto umekauka!" Zuena alibuni haraka. Maji yakapanda magotini mwa mtoto. "Kuna daraja!" Yakapanda kiunoni, meusi, kimya, wala hayakulowesha sakafu, na mikono ya wote waliokuwa pale iliendelea kupukuchua ingawa hakuna aliyetaka, na Fatu akaanza kuzama pale pale alipoketi, mpaka Zuena akaruka kutoka kwenye kigoda chake, akafanya lile ambalo kiongozi wa mchezo hafanyi kamwe, akapaza sauti, "Nami ni msafiri! Niko mtoni, nimemshika mwanangu, namrudisha!", akarusha punje.

Zilianguka kavu. Fatu alimwangukia kifuani, mzima, akitweta.

"Alhamdulillahi," mzee Semboja alisema, akiinuka. "Mchezo basi."

"Keti, mzee." Sauti sasa ilitoka kwenye kigoda cha Zuena, kwa upole wa mwenyeji. "Msimulizi wenu ameingia safarini, nami nimekaa mahali pake. Sijakupa zamu."

Mzee Semboja akaketi.