Mtu wa Mwisho Kwenye Kamba

Kila Jumamosi jioni, mizani ya kupimia magunia ya mahindi iliburutwa hadi nje ya duka la Gikonyo, pale Kibomet. Gikonyo aliipanda huku soko zima likitazama, na binti yake Wacuka, mwanafunzi wa gredi ya sita, akasoma kilo kwa sauti.

"Mia moja thelathini na nane!"

"Ameongeza tatu!" Kabiru, mwenyekiti wa wafanyabiashara, alirusha kofia juu. "Kamukuywa mwaka huu watatujua!"

Kila Agosti wafanyabiashara wa Kibomet walivutana kamba na wenzao wa soko la Kamukuywa, kule Bungoma. Mshindi alipata kondoo dume. Gikonyo ndiye aliyefungwa mwisho wa kamba kiunoni, ili uzito wake uwazuie wenzake wasiburutwe. Walimwita Mzito. Mwezi mzima kabla ya mashindano, kila mwenye kibanda alimlisha: huyu chapati sita, yule nyama ya kukaanga, mwingine soda mbili baridi. Kukataa ilikuwa kama kulitukana soko.

Lakini Wacuka alijua jambo ambalo soko halikulijua. Kila asubuhi alimkuta baba yake amelala akiwa ameketi kwenye kiti.

"Nikilala chali, ni kama mtu amenikalia kifuani," Gikonyo alimwambia. Soksi zake zilikuwa zimeacha alama za kina miguuni. "Lakini usimwambie mtu, mama. Wananitegemea."

Wacuka akanyamaza. Siku zote alikuwa mtoto wa kunyamaza.

Siku ikafika. Uwanja wa Kamukuywa ulifurika watu, vuvuzela zikilia, vumbi likitimka. Wanjala, nahodha wa wenyeji, alipita mbele ya wageni akijipiga kifua.

"Mmekuja na gari la kubeba kondoo? Rudini nalo tupu, bana!"

"Wewe ngoja uone Mzito wetu!" Kabiru akamjibu, na kicheko kikalipuka pande zote.

Wacuka hakucheka. Baba yake alikuwa ametembea kutoka barabarani hadi uwanjani, hatua mia mbili tu, na tayari alikuwa amesimama mara tatu kuvuta pumzi. Midomo yake ilikuwa imepauka. Kabiru akaanza kumfunga kamba kiunoni.

Kando ya uwanja palikuwa na hema la wauguzi waliokuwa wakipima watu presha bure. Wacuka alilitazama hema, akaitazama kamba. Akisema, Kibomet itashindwa na yeye ndiye atakayelaumiwa. Asiposema?

Alikimbia.

"Sista, tafadhali! Baba yangu analala akiwa ameketi. Miguu imevimba. Na sasa anataka kuvuta!"

Muuguzi Edah hakuuliza swali la pili. Alinyakua mashine yake, akapenya umati, akabonyeza mguu wa Gikonyo kwa kidole gumba. Kidole kilipotoka, shimo lilibaki. Akapima presha, akatikisa kichwa.

"Mzee, leo hutavuta hata hatua moja."

"Ati nini?" Kabiru akapiga kelele. "Si tumemlisha mwezi mzima!"

"Hapo ndipo mlipokosea." Edah akamgeukia Kabiru. "Wewe ni mkulima?"

"Niko na ekari moja ya mboga, sukuma wiki."

"Na pampu ya maji?"

"Ndiyo."

"Ukiilazimisha pampu hiyo inyweshe ekari tatu, usiku na mchana, itakuwaje? Moyo ni pampu. Mwili ukiongezeka sana, moyo unasukuma damu nyingi zaidi, na kwa nguvu zaidi. Chumba chake kinapanuka. Ukuta wake unakuwa mnene kama mkono wa mbeba magunia, lakini huo si unene wa afya. Unakakamaa, unashindwa kulegea ili ujae damu vizuri. Basi maji yanarudi nyuma kwenye mapafu, yanashuka miguuni. Ndiyo maana hawezi kulala chali. Tunampeleka hospitali leo hii."

Kabiru alifungua fundo polepole, aibu imemjaa usoni.

"Gari litachukua muda gani kufika?" Gikonyo akauliza.

"Dakika ishirini. Kaa kitini, usiinuke."

"Nitakaa. Wacuka, njoo hapa." Akamnong'oneza, maana pumzi haikutosha kupaza sauti. "Miaka minane nimewaona migongo. Kila mtu anavuta kivyake. Wahesabie. Moja, kanyaga. Mbili, vuta. Piga kelele, mama!"

Wacuka, mtoto wa kunyamaza, akapanda juu ya kreti ya soda.

"Moja, kanyaga! Mbili, vuta!"

Mvuto wa kwanza Kibomet waliburutwa kama kuni. Mvuto wa pili visigino viliingia ardhini pamoja, kamba ikakakamaa, Wanjala akateleza, akakaa chini pwaa! Kibomet wakarukaruka kama watoto. Wa tatu, wa kuamua, ulivutwa hadi sauti ya Wacuka ikakauka, na Kamukuywa wakashinda kwa unyayo mmoja tu.

"Huyo msichana mtuachie!" Wanjala alicheka, akimfunga kondoo. "Mzee, upone, urudi utuone."

Gikonyo alikaa hospitalini siku tisa. Alirudi na dawa, na amri ya kupunguza mafuta, chumvi na sukari, na kutembea kila asubuhi, mwanzoni hadi kona tu. Daktari alisema moyo wake bado ungeweza kupata nafuu kama mzigo ungepungua.

Miezi mingi baadaye, Jumamosi jioni, mizani iliburutwa nje tena. Vibandani kulikuwa na mboga, maharagwe na matunda aliyowekewa. Wacuka akainama kusoma.

"Mia moja na kumi na sita!"

"Ameshuka mbili tangu wiki iliyopita!" Kabiru akarusha kofia, na soko likashangilia kuliko zamani.

Gikonyo alishuka bila kushikwa mkono. Akamweka Wacuka mbele yake.

"Sikilizeni, watoto mlio hapa. Mnene au mwembamba, mwili ukikulalamikia, usiufichie siri. Sema mapema. Mimi nilikuwa nauawa na kunyamaza kwangu, si na Kamukuywa."

Kisha akavaa raba zake za kutembelea. Usiku wa jana alikuwa amelala chali, kitandani, hadi asubuhi.