Tawi la Tundu la Kinyonga

Mnanichosha na "bibi, simulia ya shoga yako". Haya, sikilizeni, ila msiniulize kwa nini, sijui.

Shamsia wa Kibiti aliachiwa kinyonga na mjukuu wake aliyekwenda bweni, akaapa mtoto akirudi atamkuta hai. Akamshonea tundu la chandarua, akamnyunyizia maji majanini, maana kinyonga hanywi bakulini. Likakosekana tawi la kupandia. Siku tatu akamsihi mumewe, Haidari.

"Mdudu naye ajengewe ghorofa?"

"Mvivu wee! Nenda shamba ukakate!"

Siku ya nne akaleta tawi bichi. Magharibi umeme ukakatika. Gizani, mle tunduni, likasikika jembe likichimba, na udongo ukimwagwa. Shamsia akawasha tochi. Kinyonga alikuwa mweupe kama sanda, hapumui vizuri.

"Tawi umelikata wapi?"

"Makaburini. Shamba mbali."

"Mtu mzima, hujui kule hakuvunjwi hata kijiti? Rudisha!"

Akarudisha, na kinyonga akapona. Haidari ndiye aliyelipa. Tangu jioni ile, ageuze kichwa atakako, jicho lake la kushoto hubaki limeelekea makaburini.